Kumaliza, Kuhitimu na Kuishia: Usimbaji wa Historia za Elimu katika Tafiti za Ufuatiliaji, kwa Mfano wa Simbo, Kigoma

Ikisiri

Tafiti zinazowafuatilia wanafunzi kwa miaka mingi hugeuza masimulizi ya elimu kuwa tarakimu. Makala hii inachunguza kinachopotea katika hatua hiyo pale majibu yanapotolewa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba vitenzi vya Kiswahili vinavyohusu masomo, na hasa kauli zake, hubeba taarifa kuhusu namna masomo yalivyokoma na nani aliyeyakomesha, ilhali orodha za misimbo zilizozoeleka huifuta taarifa hiyo. Kwa kutumia mazingira ya Simbo, Wilaya ya Kigoma, makala inapendekeza kusimba vipindi vya elimu badala ya kiwango cha juu peke yake, na kuhifadhi neno la mhojiwa kando ya msimbo.

1.0 Utangulizi

Kusimba ni kulipa jibu la mhojiwa alama ya kudumu, kwa kawaida tarakimu, ili majibu ya watu wengi yaweze kuhesabiwa na kulinganishwa. Alama hiyo ndiyo msimbo. Katika utafiti wa siku moja, kosa la usimbaji huathiri jedwali moja. Katika utafiti wa ufuatiliaji, ambamo watu walewale huhojiwa tena baada ya miaka mitano, kumi au ishirini, kosa la awamu ya kwanza hurithiwa na awamu zote zinazofuata. Mtu aliyeandikwa "ameacha" akiwa na miaka 14 huendelea kuwa "aliyeacha" hata anapofikia utu uzima, na mahesabu yote kuhusu kipato chake, afya yake na elimu ya wanawe huegemezwa juu ya neno ambalo pengine hakulisema.

Swali la elimu huonekana jepesi kuliko maswali mengine ya hojaji. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, kwa mfano, iligawa mahudhurio ya shule katika mafungu manne: anayesoma sasa, aliyesoma bila kumaliza, aliyemaliza, na asiyewahi kusoma. Mgawanyo huo unatosha kwa kazi ya sensa, ambayo ni kuhesabu. Hautoshi kwa utafiti unaokusudia kueleza jinsi maisha ya mwanafunzi yalivyokwenda. Makala hii inadai kwamba upungufu huo hauwezi kuondolewa kwa kuongeza mafungu tu. Hapana budi kurejea kwanza kwenye lugha ambayo majibu hutolewa.

Simbo imechaguliwa kuwa kielelezo kwa sababu mazingira yake yanakusanya pamoja matatizo ambayo kwingineko hukutwa mojamoja. Ni kata ya Wilaya ya Kigoma, mkoa ambao watu wake hulima michikichi na mihogo na huvua dagaa na migebuka katika Ziwa Tanganyika. Mkoa huo umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa vipindi mbalimbali, na mji wake wa kale wa Ujiji una historia ndefu ya elimu ya Kiislamu. Mifano ya majibu iliyomo katika makala imetungwa ili kufafanua hoja. Haikuchukuliwa kwa mhojiwa yeyote.

2.0 Ufuatiliaji na tatizo la orodha inayobadilika

Tafiti za ufuatiliaji zina historia ndefu. Uingereza imewafuatilia watu waliozaliwa mwaka 1946, kisha waliozaliwa 1958 na 1970, tangu utotoni hadi utu uzima. Ujerumani ilianzisha mwaka 2009 utafiti wa kitaifa wa elimu unaorekodi masomo ya kila mtu kwa vipindi vyenye tarehe ya kuanza na ya kukoma. Nchini Tanzania, mfano unaofahamika zaidi ni ule wa Kagera, mkoa unaopakana na Kigoma kwa upande wa kaskazini. Kaya 915 zilihojiwa mara kwa mara kati ya 1991 na 1994, na watu wake wakatafutwa tena mwaka 2004 na 2010, hata wale waliokuwa wamehamia mikoa mingine au Uganda. Kwa kuwa watoto wa awamu ya kwanza walikuwa wamekua na kuanzisha makazi yao, kaya zilizohojiwa ziliongezeka hadi zaidi ya 2,700 mwaka 2004 na zaidi ya 3,300 mwaka 2010.

Kati ya awamu na awamu, siyo watu pekee wanaobadilika. Mfumo wa elimu nao hubadilika, na orodha za misimbo hubadilika pamoja nao. Uainishaji wa kimataifa wa viwango vya elimu uliotayarishwa na UNESCO miaka ya 1970 ulifanyiwa marekebisho mwaka 1997 na tena mwaka 2011. Toleo la 1997 lilikuwa na viwango kuanzia 0 hadi 6. Lile la 2011 lina viwango kuanzia 0 hadi 8. Tarakimu 6 katika faili la zamani, kwa hiyo, haina maana sawa na tarakimu 6 katika faili jipya.

Hali ni hiyohiyo nchini. Mzee wa Simbo aliyesoma kabla ya uhuru anaweza kusema kwamba alifika "darasa la nane". Katika mfumo wa wakati huo, madarasa manne ya mwanzo yalikuwa shule ya msingi, na la tano hadi la nane yalikuwa shule ya kati. Mwanawe aliyesoma baada ya elimu ya msingi kuwa ya miaka 7 atasema alimaliza "darasa la saba". Msimbaji anayefuata tarakimu peke yake ataona 8 na 7, na kuhitimisha kwamba baba alimzidi mwana kwa mwaka mmoja ndani ya ngazi moja. Ukweli ni kwamba baba alivuka mtihani wa mchujo wa darasa la nne na kuingia ngazi nyingine, na mwana alimaliza ngazi ya kwanza. Tatizo hilo litarudi katika kizazi kijacho, kwa kuwa toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 linaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6.

3.0 Vitenzi vya kukoma kwa masomo

Wahojiwa wengi hawajibu swali la elimu kwa tarakimu tupu. Hujibu kwa kitenzi. Tazama majibu yafuatayo, ambayo yote yangeweza kutolewa na watu waliosoma shule moja:

(1) Nilifika la saba.
(2) Niliishia la saba.
(3) Nilimaliza la saba.
(4) Nilifaulu la saba.
(5) Nilifaulu, ila sikuchaguliwa.
(6) Nilichaguliwa, ila sikwenda.

Katika orodha ya kawaida, majibu yote sita huweza kuangukia msimbo mmoja: elimu ya msingi. Hata hivyo, kila moja linadai jambo tofauti. Sentensi (1) inathibitisha kwamba mhojiwa aliingia darasa hilo, na haisemi kama alilikamilisha. Sentensi (2) inataja kikomo, na kwa kawaida huambatana na maana kwamba safari ingeweza kuendelea. Sentensi (3) inadai ukamilifu wa mwaka wa mwisho. Haidai kufaulu mtihani. Ya (4) inadai kufaulu. Ya (5) na ya (6) zinatenganisha mambo ambayo wachambuzi wengi huyaunganisha, yaani kufaulu, kuchaguliwa na kujiunga.

Utenganisho huo una uzito wa kihistoria. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka lengo la elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Watoto wengi waliingia darasa la kwanza, wakiwamo waliokwisha kupita umri, lakini nafasi za kidato cha kwanza hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa kizazi kilichomaliza darasa la saba katika miaka ya 1980, kutochaguliwa kulikuwa hali ya wengi na hakukuthibitisha kushindwa. Hali ilibadilika baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, pale shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi. Kwa hiyo "sikuchaguliwa" ya mwaka 1985 na "sikuchaguliwa" ya mwaka 2010 ni majibu mawili yenye uzito tofauti. Msimbo unaoyaweka yote chini ya "alifeli" humtwisha mhojiwa lawama ya uhaba ambao hakuusababisha.

Kitenzi -hitimu nacho kinahitaji tahadhari. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kutia muhuri au kufikia mwisho, na katika jamii za Waislamu wa pwani na za Ujiji kimetumika kwa mtu aliyekamilisha kuisoma Kurani yote. Leo katika lugha ya ofisi kinatumika kwa mwanafunzi wa shule au chuo kikuu. Mhojiwa mzee anaposema "nilihitimu", msimbaji hana budi kuuliza alihitimu nini.

4.0 Kauli ya kitenzi na mtendaji

Sifa ya Kiswahili yenye manufaa makubwa kwa usimbaji ni mnyambuliko. Linganisha:

(7) Aliacha shule.
(8) Aliachishwa shule.
(9) Alikatiza masomo.
(10) Alikatishwa masomo.

Katika (7) na (9), mwanafunzi ndiye mtenda. Katika (8) na (10), viambishi vya kauli vinaonyesha kwamba yupo mwingine aliyesababisha, hata kama hakutajwa. Mzungumzaji hachagui viambishi hivyo kwa bahati. Anaposema "niliachishwa", tayari ameeleza kwamba uamuzi haukuwa wake, na hojaji iliyotayarishwa vizuri ingepaswa kumuuliza hapo hapo: na nani? Hojaji nyingi huandika "ameacha", na swali hilo haliulizwi kamwe.

Neno "kufukuzwa" linaonyesha hatari nyingine. Kisheria lina maana ya kuondolewa shuleni moja kwa moja. Katika mazungumzo ya kila siku, "nilifukuzwa ada" lina maana kwamba mwanafunzi alirudishwa nyumbani akalete fedha, na huenda alikuwa darasani tena juma lililofuata. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 1973, malipo yakarejea katika miaka ya 1980, kisha ada zikaondolewa tena kuanzia 2001 na 2002 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Mwanafunzi wa miaka ya 1990 aliyesema "nilifukuzwa" anaweza, kwa hiyo, kuwa alikosa siku tatu au alipoteza shule yote. Msimbo wa "nidhamu" ungemsingizia kosa asilolitenda.

Suala la wasichana ni zito zaidi. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu kufukuzwa kwa wanafunzi zilitumika kuwaondoa shuleni wasichana waliopata mimba. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika mfumo rasmi. Katika simulizi, wahusika wanaweza kusema "aliacha", "alipewa mimba", "alifukuzwa" au "alikatishwa". Kila kitenzi kinaweka wajibu mahali pake: kwa msichana, kwa mwanamume, kwa shule, au kwa mtu asiyetajwa. Msimbo mmoja wa "mimba" unataja hali ya mwili na kunyamaza kuhusu uamuzi uliomtoa darasani. Aidha, msimbo unaofunga historia yake mwaka 2015 hauna nafasi ya kuandika kwamba alirudi mwaka 2022.

5.0 Majina ya taasisi na ya mifumo

Nomino nazo zina mitego yake. Neno "chuo" kwa mzee wa Ujiji ni mahali pa kusomea Kurani; kwa mjukuu wake ni chuo cha ualimu, cha ufundi au chuo kikuu. Jibu "nilisoma chuo miaka minne" likipewa msimbo wa elimu ya juu, takwimu za kijiji zitaonyesha wasomi ambao hawakuwapo. Likitupwa kwa hoja kwamba madrasa haimo katika orodha, mtu anayejua kusoma maandishi ya Kiarabu, na huenda Kiswahili kwa hati hiyo, ataandikwa kuwa hajawahi kusoma. Makosa yote mawili yanatokana na kudhani kwamba elimu ni ile ya serikali peke yake.

Elimu ya watu wazima ni mfano mwingine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni zilizofuata ziliwafundisha wengi kusoma na kuandika nje ya madarasa ya watoto. Tangu 1999 mpango wa MEMKWA umewachukua watoto na vijana walioikosa elimu ya msingi, na baadhi yao wameingizwa katika madarasa ya kawaida. Historia ya mwanafunzi wa namna hiyo haipandi ngazi kwa mfuatano. Ina mlango wa pembeni.

Kigoma huongeza suala la mipaka. Warundi walikimbilia mkoa huo mwaka 1972 na tena kuanzia 1993; Wakongo walikuja kwa wingi kuanzia 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa. Shule za kambini zimefuata mitaala ya nchi walikotoka wanafunzi. Shule ya msingi ya Kongo ina miaka 6. Mtu aliyesoma upande wa pili wa ziwa na kusema kwamba "alimaliza la sita" amemaliza ngazi nzima. Aliyesoma Simbo katika mfumo wa miaka 7 na kusema "niliishia la sita" hajaimaliza. Pasipo safu ya mfumo wa nchi, wawili hao huwa mtu mmoja.

6.0 Muda, mahudhurio na kumbukumbu

Uvuvi wa dagaa kwa taa hufanyika katika siku za giza na kupungua wakati wa mbalamwezi. Kijana anayeshuka mwaloni Kibirizi au Katonga kutafuta kibarua anaweza kukosa shule kwa siku kadhaa kila mwezi na kurudi mwezi unapong'aa. Katika daftari la mahudhurio huandikwa mtoro. Katika hojaji ya mwaka, akikutwa wakati wa giza, huandikwa ameacha. Akikutwa wakati wa mbalamwezi, huandikwa anasoma. Tofauti hiyo imeletwa na tarehe ya mhoji kufika. Msimbo wa haki ni ule unaotambua kipindi kinachosimama na kuendelea.

Kumbukumbu za miaka nazo zinahitaji msaada. Wahojiwa wengi hawakumbuki mwaka, lakini hukumbuka tukio: kuhamia vijijini, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, au kuwasili kwa wakimbizi. Kalenda ya matukio ya mahali husaidia kugeuza kumbukumbu hizo kuwa miaka. Ni muhimu mwaka uliokadiriwa hivyo uwekewe alama yake, usichanganywe na mwaka uliosomwa katika cheti.

Pale majibu ya awamu mbili yanapopingana, desturi ya baadhi ya ofisi ni kufuta la zamani na kuacha jipya. Desturi hiyo haifai. Mtu aliyesema mwaka 2004 kwamba "alimaliza" na mwaka 2010 kwamba "aliishia la sita" huenda amesahau, huenda ameona haya mara ya kwanza, au huenda mara ya kwanza alijibiwa na mkuu wa kaya. Majibu yote mawili ni data. Uamuzi wa msimbaji uwekwe katika safu ya tatu, pamoja na sababu yake.

7.0 Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, kila kipindi cha masomo kiwe na mstari wake, wenye safu hizi: aina ya taasisi; mfumo wa nchi; darasa la kuanzia na la kukomea; mwaka wa kuanza na wa kukoma; namna kilivyokoma; na neno la mhojiwa lenyewe. Namna ya kukoma isimbwe hivi:

1 – alikamilisha ngazi
2 – alikatiza mwenyewe
3 – alikatishwa na mtu
4 – alikatishwa na shule, kanuni au malipo
5 – alikatishwa na tukio, kama vita, ugonjwa au uhamisho
6 – kipindi kimesimama kwa muda
7 – alikatishwa, mtendaji hajatajwa
9 – hakusema

Msimbo 9 usichanganywe na "hapana", na msimbo 7 usigeuzwe kuwa 2 kwa kubahatisha. Mtihani usimbwe mbali kwa maswali manne: alifanya, alifaulu, alichaguliwa, alijiunga?

Chukua mfano wa mhojiwa wa kubuni, aliyezaliwa mwaka 1968, anayesema: "Nilianza chuo, nikahitimu msahafu. Shule niliingia sabini na saba. Nikaachishwa la tano, mwaka wa themanini na moja, nikaenda ziwani. Themanini na tatu nikarudi la tano, nikamaliza la saba themanini na tano, ila sikuchaguliwa. Baadaye nikajifunza useremala mjini." Orodha ya kawaida humpa tarakimu moja: amemaliza elimu ya msingi. Utaratibu huu unampa mistari minne. Wa kwanza ni wa chuo cha Kurani, wenye kikomo 1. Wa pili ni shule ya msingi, la kwanza hadi la tano, 1977 hadi 1981, kikomo 7, neno "nikaachishwa". Wa tatu ni la tano hadi la saba, 1983 hadi 1985, kikomo 1, akiwa hakuchaguliwa, na matokeo ya mtihani yakiwa hayajasemwa. Wa nne ni mafunzo ya ufundi, yenye mwaka wa kuulizwa na kikomo 9. Mistari hiyo inaonyesha pia maswali ambayo mhoji hana budi kurudi nayo: nani alimwachisha, alifaulu au la, ufundi aliujifunza lini na kama aliukamilisha.

Ukaguzi wa kawaida ni kuwapa wasimbaji wawili majibu yaleyale na kupima makubaliano yao, kwa mfano kwa kipimo cha kapa alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960. Kipimo hicho ni cha lazima lakini hakitoshi. Wasimbaji wawili waliopewa orodha yenye "ameacha" pekee watakubaliana kikamilifu kuhusu "niliachishwa", na wote wawili watakuwa wamekosea. Neno la mhojiwa likiwa limehifadhiwa, msimbaji wa tatu anaweza kulibaini kosa hilo hata baada ya miaka ishirini. Likiwa limetupwa, halibainiki tena.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba historia ya elimu inayosimuliwa kwa Kiswahili hufika mikononi mwa mtafiti ikiwa tayari imechambuliwa kwa kiasi fulani na msimulizi mwenyewe. Tofauti za -fika, -ishia, -maliza, -hitimu na -faulu, pamoja na zile za kauli ya kutenda, kutendwa na kutendeshwa, ni uainishaji uliomo katika lugha kabla ya orodha yoyote kuchapwa. Wataalamu wa takwimu wanahitaji orodha fupi, na hitaji hilo ni halali. Mistari mingi inaweza kufupishwa kuwa msimbo mmoja wakati wowote, ilhali msimbo mmoja hauwezi kurudishwa kuwa mistari. Kwa sababu hiyo, idara za Kiswahili zina kazi katika tafiti hizi tangu hojaji inapotungwa, na si wakati wa kutafsiri peke yake. Kazi iliyo karibu zaidi ni kukusanya, mkoa kwa mkoa, vitenzi ambavyo watu huvitumia kueleza kukoma kwa masomo yao, vikiwamo vile vya Kiha na vya lugha nyingine zinazotumiwa nyumbani, na kuviweka mbele ya watunzi wa hojaji kabla ya awamu inayofuata kuanza.